Mguu wa Fidelia

Kila asubuhi mambo yalikwenda vilevile katika wodi ya watoto. Wasafishaji walipiga deki, uji ukaletwa, kisha akina mama wakaingia kutoka kwenye baridi ya Njombe na chupa za chai mikononi. Kila mmoja alikwenda kwa mwanawe. Kitanda cha Fidelia walikipita.

Fidelia, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa ameanguka juzi kutoka kwenye mparachichi na kuvunjika mguu. Ukafungwa hogo, ile plasta ngumu, toka pajani hadi karibu na vidole. Mama yake alilazimika kurudi Makambako kwa mapacha wachanga. Akiondoka alimwambia, "Mwanangu, usiwasumbue wakubwa. Wana kazi nyingi."

Hospitali yenyewe ilikuwa mpya. Haikuwa na ngazi, ila miteremko. Milango ilikuwa mipana, na kando ya kila kitanda ilining'inia kamba ya kumwita muuguzi, mahali ambapo hata mtoto aliyelala angeifikia. Peace, jirani yake wa kitanda, alizunguka kote kwa kiti chake cha magurudumu kama dereva wa basi. Fidelia kamba hakuigusa.

"Hujambo, Fidelia? Mguu hauumi?" daktari aliuliza akipita.

"Sijambo. Shikamoo, Daktari. Hauumi," akajibu, akavuta blanketi hadi vidoleni. Kwao Ubena mtoto akijuliwa hali na mkubwa hujibu vizuri. Kulalamika ni kukosa adabu.

Kumbe uliuma tangu alfajiri. Sasa ulibana kama umezungushiwa waya.

"Unalia," Peace alisema.

"Silii."

"Basi macho yanavuja. Vuta kamba, bwana!"

"Mama alinikataza kusumbua."

"Haya, kaa na adabu yako. Mguu utakushukuru." Peace akageuza kiti, akaenda zake.

Wodi nzima kila mtoto alikuwa na wa kuongea naye. Fidelia alitazama dari. Akajaribu kuchezesha kidole gumba cha mguu. Hakikusogea. Hapo hofu ikamzidi, akavuta kamba.

Sista Rejoice, muuguzi wa zamu, alikuja upesi, akaketi karibu naye.

"Nimekuja, mama. Unataka nini?"

"Maji tu, Sista. Samahani."

Maji yakaletwa. Fidelia akashika kikombe bila kunywa. Sista hakuondoka.

"Huna kiu wewe. Niambie."

"Mguu unaniuma sana. Na vidole sivisikii. Daktari nilimdanganya."

Sista akafunua blanketi. Vidole vilikuwa vimevimba, vya baridi. Daktari akaitwa mbio, hogo likapasuliwa kwa msumeno mdogo, na polepole joto likarudi vidoleni. Safari hii Fidelia alilia bila kujificha.

"Mguu ulivimba ndani ya hogo, damu ikakosa kupita. Ungenyamaza hadi jioni, tungeweza kuupoteza mguu huu," daktari alisema. "Na mimi nina kosa. Nilipaswa kufunua blanketi."

Sista Rejoice akamfuta machozi. "Kuamkia ni heshima, mwanangu. Ukishaamkia, sema ukweli. Milango tumeipanua na kamba tumefunga, lakini maumivu yako tunayajua kwako tu. Ukitudanganya, tunamtibu mtoto ambaye hayupo. Haya, kuna kingine kinachouma?"

Fidelia alitaka kusema hakuna.

"Nimemkumbuka mama," akasema. "Yuko Makambako na mapacha wachanga. Hapa sina mtu."

"Dawa ya hiyo sina," Sista akasema, akaketi tena. "Lakini nina dakika kumi. Nisimulie habari za hao mapacha."