Madirisha Yasiyofunguka

Siku Noelene alipovua sweta, ofisi nzima ilimcheka, na hapo ndipo walipokosea. Ilikuwa Julai, na Julai ya Dandenong, huku kusini mwa dunia, ndiyo baridi yenyewe, si mchezo, asubuhi unakwangua barafu kwenye kioo cha gari kwa kadi ya benki. Noelene Pratt ndiye aliyekuwa malkia wa wenye baridi ghorofa ya nne. Meza yake ilikuwa chini kabisa ya tundu la hewa la darini, na siku zote alikaa na sweta mbili, blanketi mapajani, na kijihita alichokificha nyuma ya pipa la taka kwa sababu bosi alishapiga marufuku hita. Leo kaja, kavua sweta, kakunja blanketi, kakaa na blauzi ya mikono mifupi.

"Jamani, kumekucha!" Trev akapaza sauti. Huyu Trev huvaa kaptula mwaka mzima, na maisha yake yote ni kugombana na wanawake juu ya kiyoyozi. "Mama, umeokoka? Karibu upande wa wanaume."

"Sisikii baridi," Noelene akajibu.

Hakucheka. Evdokia, aliyekaa meza ya jirani, akamgusa mkono kwa utani tu, akauachia upesi. Ulikuwa kama nyama iliyotoka kwenye friji.

Hawa wawili walikuwa mashoga wa kufa na kuzikana, na Noelene alizoea kumwita mwenzake Dok. Kazi yao ilikuwa kupokea simu za watu walioumia kazini, na Noelene alijulikana kwa kulia na wateja: fundi kakatika kidole huko, Noelene machozi yanamtoka hapa. Kisha baada ya Pasaka mumewe, Kev, akafariki. Tangu hapo kila saa ya chai alikuwa akijifungia chooni analia, na Evdokia anasimama mlangoni kuwazuia wenye haraka. Halafu ghafla akaacha. Evdokia alimshukuru Mungu. Alidhani ni kupona.

Ukutani, karibu na mashine ya kuchapia, palikuwa na kiboksi chenye kitufe cha kuzungusha, cha kupunguza na kuongeza joto. Tangu wahamie jengo lile walikigombea kama watoto na rimoti. Trev anakishusha, wanawake wanakipandisha. Na kilitii, hilo hakuna aliyebisha. Ila kila kilipozungushwa, lile tundu juu ya Noelene lilishusha pumzi, hahhh, kama mtu aliyetua mzigo, na harufu ikaja, ya vumbi lililolowa na nyumba iliyofungwa siku nyingi. Watu walisema ni jengo jipya. Siku hizi kila uchafu ukinuka ni jengo jipya.

Evdokia alianza kumwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni. Aliona kuwa kila asubuhi, kabla hata ya kuweka mkoba chini, Noelene anakwenda kwenye kile kiboksi, anakizungusha kidogo, anakiwekea kiganja na kunong'ona. Kisha anarudi kukaa chini ya tundu na kufumba macho, na nywele zake zinapeperuka. Kwenye simu alikuwa akisema "Pole sana" kwa sauti moja, kwa aliyekwaruzwa na kwa aliyefiwa. Bosi wao, Lorraine Tully, alimsifu mbele ya watu kwamba sasa amekuwa na utaratibu.

Siku moja simu yake mwenyewe ikalia. Alisikiliza, akasema "Sawa," akakata.

"Nani?" Evdokia akauliza.

"Shelley. Amejifungua. Mtoto wa kike."

"Heee! Noelene! Umekuwa bibi! Inuka twende, hospitali si hapo tu nyuma ya reli? Mimi nitakushikia simu."

"Nina kazi."

Siku mbili zikapita, hakwenda. Shelley akampigia Evdokia akilia: baba kafa, mama naye yu hai lakini hayupo, kosa lake ni nini? Evdokia alikwenda jiko la ofisi amtafute Noelene, akamkuta amesimama na birika la umeme mkononi, anamimina maji yanayochemka. Kikombe kilikuwa kimeshajaa. Maji yalikuwa yanaangukia mkono wake wa kushoto, ngozi inaiva nyekundu kama kamba wa baharini aliyechemshwa, naye anatazama tu.

"Angalia, Dok," akasema taratibu. "Haiumi."

Evdokia akamnyang'anya birika. Alimfunga mkono kwa kitambaa kilicholowa, naye akarudi mezani kwake kupokea simu. Kutwa nzima hakuutazama ule mkono.

Siku hiyohiyo Evdokia akamwita fundi viyoyozi, kijana mmoja mcheshi wa Springvale, Minh Quach. Akaja na ngazi yake, akafungua kile kiboksi kwa bisibisi, akaanza kucheka.

"Dada, nyie mmechezewa. Hiki ni cha bandia."

"Cha bandia vipi?"

"Hakina hata waya mmoja, tazama. Wanakibandika ili watu waache kulalamika. Kila mtu akizungusha anaridhika, basi. Joto la jengo zima linaendeshwa kule chini."

"Lakini kinafanya kazi, Minh. Ukipandisha, kunapata joto."

"Hakiwezi. Ni plastiki tupu. Subiri." Akashika kitufe, akakizungusha mpaka mwisho.

Hahhh, tundu likashusha pumzi, na safari hii halikuishia hapo, likaendelea kutoa na kutoa kama kifua kisicho na mwisho, karatasi za mezani kwa Noelene zikanyanyuka moja moja bila kuanguka, ile harufu ikajaa puani mpaka Evdokia akahisi ladha yake ulimini, na huku upande wao joto linapanda na Trev anaguna akijipepea kwa faili, pale chini ya tundu Noelene alikuwa ameinua uso kama anayenyeshewa mvua, na mdomoni mwake, alipopumua, hapakutoka mvuke wowote, wakati mdomoni mwa Minh, aliyekuwa amemsogelea hatua chache tu, mvuke ulitoka mweupe kama yuko nje alfajiri.

Minh akafunga mkoba wake wa vifaa. Hakucheka tena.

"Dada," akasema chinichini, "mimi ni fundi wa mitambo. Hicho kinachowajibu si mtambo. Tafuta mtu mwingine, na ghorofa hii msiniite tena."

Sasa, Evdokia alikuwa Mgiriki wa Oakleigh, na Mgiriki wa Oakleigh hakosi shangazi. Wa kwake ni Stavroula, mjane wa miaka mingi, mwondoaji wa kijicho, lile jicho baya la mahasidi, aliyesifika, tena hukiondoa hata kwa simu: mpe jina tu, ataweka bakuli la maji, atadondosha mafuta ya zeituni, atasali, na ukiwa umepatwa kweli yeye mwenyewe ataanza kupiga miayo. Evdokia alijificha kwenye ngazi za dharura, akampigia.

"Jina?"

"Noelene."

Sala ikaanza, ya kunong'ona. Halafu mwayo. Halafu mwingine, na mwingine, miayo mirefu ya kuvunja taya, mpaka Evdokia akaogopa.

"Shangazi?"

"Hiki si kijicho, mwanangu." Sauti ilikuwa imechoka. "Kijicho hutupwa na mtu. Hiki kimeitwa, kikaja, kinalishwa. Nani kakiita?"

"Nadhani mwenyewe," Evdokia akajibu.

"Basi akikatae kwa mdomo wake mwenyewe, mimi nitasali. Na kikishamtoka, kifungulie njia kiende zake. Usikae nacho ndani. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Jioni giza liliposhika mapema, kama lishikavyo Julai, watu wakaondoka. Noelene alibaki chini ya tundu, hachapi, hasomi. Evdokia akaweka simu mezani, shangazi akisikika mle ndani anasali. Akavuta kiti wakakaa goti kwa goti.

"Noelene, nimejua. Umekiomba nini?"

"Nisisikie." Alisema kama anayetaja bei ya maziwa. "Nilikuwa nazungusha kile kiboksi huku nalia, nikasema, laiti ningepoa. Kikaniitikia. Dok, wewe hujui. Kila asubuhi nilikuwa naamka natandika upande wake kwanza. Sasa natandika kitanda tu. Unataka nirudi kule?"

Evdokia alitamani kumwambia hapana, kaa hapohapo pasipouma. Alimpenda kiasi hicho. Lakini akamkumbuka Shelley.

"Umeshauliza hata mtoto anaitwa nani?"

Noelene akatikisa kichwa.

"Anaitwa Marnie. Nimekwenda kumwona kwa niaba yako, bila aibu. Masikio yake ni ya Kev."

Kitu kikatingishika usoni mwa Noelene, kidogo sana. "Yale?"

"Yaleyale. Kama vipini vya kikombe."

"Masikini wa Mungu," Noelene akasema, na sauti ikapasuka katikati. "Mtoto wa kike, jamani." Akacheka, na cheko likageuka. Akainua uso kwenye tundu. "Sikutaki," akasema. "Toka. Sikutaki tena."

Kwanza ukamrudia mkono. Alipiga ukelele ambao Evdokia hajapata kuusikia, akaukumbatia ule mkono wenye malengelenge, na nyuma ya maumivu ya mkono yakaja yale mengine yote, Kev na kitanda na miezi yote ile, akaanguka magotini akilia kwa sauti, na juu yao tundu likaanza kuvuma, taa zikapepesa, ile baridi ikamtoka Noelene ikashuka sakafuni na kuzunguka, inapita chini ya meza, inagusa viti, inapanda kioo na kurudi, kama mbwa aliyefungiwa.

"Kimemtoka!" shangazi akapiga kelele ndani ya simu. "Dirisha! Fungua dirisha kitoke, haraka!"

Evdokia alikimbilia kioo, akapapasa kutoka pembe hadi pembe. Hapakuwa na komeo wala bawaba. Hapakuwahi kuwa navyo.

"Shangazi," akasema, "madirisha ya hapa hayafunguki."

"Hayafunguki? Yamekwama?"

"Yalijengwa hivyo. Jengo zima."

"Sasa nyie watu," Shangazi Stavroula akauliza polepole, "hewa mnapata wapi?"

Evdokia akatazama juu.

Usiku uleule, hospitalini, Noelene alimpakata Marnie, mkono mmoja umefungwa bendeji, akalia weee mpaka muuguzi naye akalia. Shelley alilia. Evdokia alisimama mlangoni amewashikia makoti. Wiki iliyofuata kile kiboksi kilibanduliwa, na katika maoni ya wafanyakazi ya mwezi ule hakuna aliyelalamikia baridi, isipokuwa Noelene, aliyerudi na sweta tatu na kusema waziwazi kuwa pale mahali panaua. Lorraine akamhamishia meza ya mbali. Kiti cha chini ya tundu alikichukua Evdokia, kwa hiari yake.

Jumapili shangazi akampigia.

"Shoga yako anaendeleaje?"

"Vizuri. Analia, anacheka. Amemfumia mtoto kofia ya kufunika masikio."

"Ftu, ftu," shangazi akatema mate ya kufukuza kijicho, "Mungu amlinde. Na wewe je? Ulifurahi ulipowaona?"

Evdokia akafikiri. "Nilikuwepo," akasema.

"Nakuuliza ulifurahi?"

"Walikuwa wamekaa vizuri."

"Unafanya nini sasa hivi, mwanangu?"

"Nimetoa pai kwenye oveni. Nimeishika hapa."

Ilikuwa trei ya chuma, pai bado inachemka pembeni. Simu aliiweka mezani, na trei aliishika kwa mikono yote miwili. Kitambaa cha kushikia kilikuwa kwenye msumari wake ukutani.

Upande wa pili wa simu, Shangazi Stavroula alipiga mwayo. Akapiga mwingine. Evdokia akasimama na trei yake, akimsubiri amalize.