Mama Aitwe Kwanza

Nikitoka shule napitia nyumbani, Mchafukoge, nabadili sare, nakula, kisha naenda Kariakoo dukani kwa mama. Tunauza viatu vya wanawake. Mimi ni Mektilda, nina miaka kumi na mitatu, na kusema kweli mdomo ninao. Lakini Alhamisi ile uliniishia wote.

Dukani kwetu neno "sina" ni mwiko. Mteja akitaka kiatu ambacho hatuna, mama humwambia, "Kaa dada, kipo stoo." Kumbe stoo yenyewe ni duka la Mzee Twaha, la tatu kutoka letu! Mimi nachomoka, nachukua mguu mmoja, wa pili unabaki kwake. Mteja akikipenda, nafuata wa pili, na Mzee Twaha anapata chake. Mtaa mzima tunafanya hivyo.

Siku hiyo mama alikuwa ameenda kupokea mzigo. Akaja mteja mwenye haraka, anataka avae miguu yote miwili atembee aone. Nikakimbia kwa Mzee Twaha. Mwenyewe alikuwa ameenda kuswali, na mezani alikaa kijana nisiyemjua, anaongea na simu. Sikumsalimia wala sikumwuliza. Nikabeba jozi nzima, huyoo!

"Mwizi! Mwizi huyo!"

Jamani! Watu walijaa mara moja. Kila nikifungua mdomo nieleze, mtu ananikatiza. Mgambo mmoja akanishika mkono, akanipeleka hadi kituo kidogo cha polisi, na yule kijana, Hafidhi, akatufuata amebeba viatu.

Askari wa kaunta hakuitikia hata shikamoo yangu. "Viatu ulichukua, hukuchukua?"

"Nilichukua afande, lakini..."

"Basi umekiri." Akaandika, akanisukumia karatasi na kalamu. "Saini hapa uende zako. Ukikataa, utalala humo ndani na watu wazima."

Nyuma ya mlango wa nondo nilisikia wanaume wakigombana. Niliogopa sana, nikashika kalamu, maana nilichotaka ni kwenda nyumbani tu. Nikasoma mstari wa pili: "Niliiba viatu." Mimi sikusema hivyo!

"Afande, naomba mama yangu aitwe kwanza."

"Mama wa nini? Mliiba wote?"

"Aitwe tu," nikasema, nikaweka kalamu chini, nikaangua kilio.

Kilio hicho kilimtoa chumba cha pili askari mwanamke wa dawati la watoto, Afande Scholastika. Akaniuliza umri wangu. Nilipomjibu, akamgeukia mwenzake. "Umemhoji mtoto peke yake? Mzazi wake yuko wapi?" Yule askari akaanza kupangapanga mafaili. Afande Scholastika akaichukua ile karatasi, akaniomba namba ya mama, akampigia.

Mama alifika akihema, Mzee Twaha nyuma yake.

"Huyu binti anachukua viatu kwangu kila siku," alisema Mzee Twaha. "Hafidhi ameanza kazi leo asubuhi. Mimi ndiye niliyesahau kumwambia."

Maelezo yakaandikwa upya, mama akiwa kando yangu, na Afande Scholastika akinisomea kila mstari kabla sijasaini. Kesi haikuwepo tena. Hafidhi akaniomba radhi. Na mimi nikamwomba, kwa sababu nilibeba mali ya watu bila kusema neno. Mama akaniminya sikio kidogo.

"Ningesaini ile ya kwanza je?" nikauliza.

"Ungepata kazi kubwa kulifuta neno hilo," alisema Afande Scholastika. "Sikiliza, Mektilda. Aliye chini ya miaka kumi na minane hahojiwi bila mzazi, mlezi au afisa ustawi wa jamii, na hafungiwi pamoja na watu wazima. Ukikamatwa, usikimbie wala usitukane. Taja jina lako na umri wako, omba mzazi aitwe, na usisaini usichokisema."

Mama akafuta uso kwa khanga. "Asante, afande. Bahati nzuri mwanangu si mwizi."

"Hapana, mama," alijibu taratibu. "Hata angekuwa ameiba kweli, bado ningekupigia simu."