Bi Kaltuma Arudi Baharini

Asubuhi, nyumbani kwa Bi Kaltuma pale Mambrui, ilianza kwa sauti ya mbuzi. Si mbuzi wa malisho, ni mbuzi ya kukunia nazi. Kwaru, kwaru, kwaru. Miaka yote aliikalia Bi Kaltuma mwenyewe. Mwaka huo wa 1986 aliikalia wifi yake, Bi Shekha. Bi Kaltuma aliwekwa juu ya kiti kirefu kama bibi arusi.

"Nazi yako ina vipande vya kifuu, wifi," alisema Bi Kaltuma. "Nikipona nitakufundisha kukuna."

"Wewe kuna kwa mdomo, huo haukupasuliwa!" alijibu Bi Shekha. Wakacheka.

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu Bi Kaltuma apasuliwe Mombasa. Nyonga yake ilikuwa imelika. Madaktari waliitoa, wakamtia ya chuma. Walimwambia asikalie mbuzi wala mkeka, na asipishanishe miguu, maana nyonga mpya huweza kuchomoka mahali pake.

Hayo aliyavumilia. Kilichomuuma ni bahari. Tangu usichana, kila Siku ya Mwaka wa Waswahili, upepo wa kusi ukivuma, yeye na Bi Shekha huingia majini na kanga zao kuukuu, wakaoga mikosi ya mwaka uliopita. Sasa zilikuwa zimebaki wiki mbili.

"Kitendawili!" alisema Bi Kaltuma.

"Tega."

"Nina mzigo. Nchi kavu naubeba, majini unanibeba."

"Ngalawa!"

"We! Mimi nilibeba ngalawa lini?"

"Basi nimeshindwa. Nakupa mji, twaa Lamu."

"Lamu siitaki. Jawabu liko baharini. Siku nikiingia, utaliona."

Bi Shekha akamtazama. Macho ya wifi yake yalikuwa yamelengwa na machozi.

Kesho yake Bi Shekha alikwenda pwani na ndoo.

"Maji ya chumvi hukausha kidonda," alisema. "Wavuvi wangapi wajikata, wajiosha baharini, wapona? Tukikuosha kila siku, Siku ya Mwaka itakukuta mzima."

Daktari alikuwa amekataza kidonda kisiloe. Bi Kaltuma alikumbuka vizuri. Lakini moyo ukitaka kitu, masikio huziba. Akainua kanga.

Siku ya tatu kidonda kiliwiva, kikawa cha moto, kikaanza kutoa maji. Bi Kaltuma akatetemeka kwa homa. Bi Shekha akaenda mbio kumwita Kahonzi, muuguzi wa zahanati, mzaliwa wa Ganze.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Kahonzi akakitazama kidonda. "Kimetiwa nini?"

Bi Kaltuma akamtazama wifi yake.

"Maji ya bahari," alisema Bi Shekha polepole. "Ni mimi."

Kahonzi hakugomba. "Bibi zangu, maji ya bahari yana chumvi, lakini yana vijidudu pia. Mvuvi hujikata ngozi tu. Kidonda hiki kimeshuka hadi kwenye chuma. Vijidudu vikifika kwenye chuma, dawa hupata kazi kuviua. Huenda Bi Kaltuma akapasuliwa tena, chuma kitolewe. Twendeni hospitali sasa hivi."

Bi Kaltuma alilazwa wiki mbili, akachomwa sindano. Mungu ni mwema, dawa iliwahi. Chuma kilisalimika. Lakini Siku ya Mwaka ilimpita akiwa kitandani. Bi Shekha naye hakwenda kuoga. Alikaa kando yake, akimpepea.

"Nisamehe, wifi. Kidogo nikuue."

"Ulinipenda kwa haraka," alisema Bi Kaltuma. "Na kanga niliiinua mwenyewe."

Bi Kaltuma aliporudi nyumbani, Kahonzi alikuja kila wiki kumtembeza uani, kwanza kwa magongo, kisha kwa mkongojo. Kwa heshima alimsemesha kwa 'nyinyi', ingawa alikuwa mmoja.

"Na bahari, mwanangu?"

"Bahari haihami, Bibi. Kidonda kifunge kabisa, misuli ipate nguvu, na daktari aliyewapasua aseme ndiyo. Mkimtangulia, mtarudi kitandani."

Daktari alisema ndiyo mwezi wa tano baada ya kumpasua. Kahonzi akafurahi, lakini akaonya.

"Ingieni palipo na mchanga, si mwambani. Msiingie peke yenu. Mateke ya chura msipige mpaka daktari awaruhusu, yanaisokota nyonga. Nyosheni miguu, muipige juu na chini, taratibu. Mkisikia maumivu, tokeni."

Kusi lilikuwa limekwisha. Maji yalitulia kama ya bakulini. Asubuhi moja mawifi wawili waliteremka pwani, wamejifunga kanga zao kuukuu. Bi Kaltuma akachomeka mkongojo mchangani. Maji yakafika magotini, kisha kiunoni.

"Usiniachie."

"Sikuachii."

Bi Kaltuma akalala chali. Bi Shekha akamshika mkono. Mguu uliokuwa gogo ukainuka wenyewe. Akaupiga juu, akaupiga chini. Haukuuma. Akapiga tena, huku machozi yakichanganyika na bahari.

"Wifi," aliita, "mzigo wangu uko wapi?"

Bi Shekha akamtazama anavyoelea. Akapiga kigelegele peke yake. "Mwili! Jawabu ni mwili wako!"

"Miezi yote hii! Na Lamu yangu nimeshaichukua."

"Si uliikataa?"

"Sasa naitaka. Haya, niachie mkono."

Bi Shekha akauachia, kidole kimoja kimoja. Lakini hakwenda mbali.