Lamia na Mngazija wa Kanchi

Lamia hakwenda Kanchi kutafuta mchumba. Alikwenda kununua hariri ya maharusi akauze kwao Mutsamudu, kisiwani Nzuani, na mji ule wa Bara Hindi ulimchosha hasa: mahekalu marefu kushinda minara yote aliyoijua, joto, harufu ya asumini, watu wanasukumana. Dukani wateja waliketi juu ya godoro lenye shuka nyeupe, muuzaji akiwamwagia sari mapajani. Lamia alipoivuta moja nyekundu yenye pindo la dhahabu, akakuta upande wa pili mkono mwingine unaivuta.

"Huyu naye kang'ang'ania kama ya mamake," kijana mwenye mkono akanung'unika kwa Kikomoro, akidhani haeleweki.

"Ya mama yangu ingekuwa nzuri zaidi," Lamia akamjibu.

Wakacheka mpaka muuzaji naye akacheka. Kijana alikuwa Nadhoim, Mngazija wa Ntsoudjini, jirani na Moroni, shati lake limenyooka kwa pasi hata kwenye joto lile. Kwao wakati ule visiwa vilikuwa vimegombana: Nzuani imejitenga, serikali ya Moroni imepeleka askari kuirudisha. Lakini Kanchi nani anajua Mngazija na Mnzuani? Hata wao wakasahau. Nadhoim akawa anambebea mizigo, akimwita bibi harusi kwa utani, halafu si kwa utani tena.

Walipoagana Nadhoim alimwahidi kuja kumuoa na kuingia nyumbani kwake. Kwa Wakomoro mume ndiye anayehamia kwa mke, na nyumba ya Lamia, aliyojengewa na baba yake, ilikuwa imebaki chokaa tu.

Kila mtu akarudi kisiwani kwake. Laini ya simu ikakatika, Lamia akadhani kaachwa, akanuna. Iliporudi Nadhoim akambembeleza mpaka akalainika, na mama yake Lamia akaanza kumwita mkwe.

Basi ndipo vijana wenye bunduki walipoingia mtaa wa Hombo, hapo hapo Mutsamudu, wakamtoa mtu mmoja aitwaye Abdérémane ndani ya nyumba ya mkewe, wakamuua. Kosa lake Ungazija tu. Mtu kaoa pale, kazaa pale! Lamia alipita akamkuta barabarani, mkewe kamfunika kwa leso.

Jioni simu ikalia.

"Laazizi, nimepata chombo. Ijumaa niko kwako."

Lamia akamsihi angoje mambo yatulie.

"Nimengoja vya kutosha. Hata waniue, nakuja."

Alimjua, si mtu wa kukatazika. Moyo wake wote ulitaka kumwambia njoo.

"Usije," akasema. "Nimeolewa."

"Unanitania, Lamia."

"Sikutanii. Mume wangu yumo ndani."

Nadhoim akasema kwa sauti ndogo, "Basi Mungu awabariki," akakata simu.

Mama akatoka jikoni akifuta mikono, akauliza mkwe anakuja lini. Lamia aliona akimwambia kweli, mama atampigia Nadhoim simu papo hapo amfichulie uongo, naye atakuja. Akasema Nadhoim ameoa mwingine huko Moroni.

Mama akamlaani Nadhoim, akawalaani na waliomzaa, mpaka adhana ya isha. Lamia akakaa kando yake, akiitikia amina.