Mbuzi wa Kyaruzi

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Edvina alichukua mundu nyuma ya jiko akapanda rweya, ule uwanda wa nyasi ulio juu ya kibanja chao huko Ijuganyondo. Katikati ya rweya palikuwa na kibonde kidogo chenye nyasi laini, na hizo ndizo alizozipenda Madoa, mbuzi wao. Edvina alikata mzigo mmoja, akaufunga kwa kamba ya mgomba, akaubeba kichwani na kuteremka huku ziwa likianza kung'aa kule chini. Nyumbani, bibi yake alikuwa amekwisha kumpozea uji.

Asubuhi moja alifika kwenye kibonde akasimama na mundu mkononi. Nyasi zilikuwa zimekatwa. Hazikuliwa na ng'ombe wala kung'olewa ovyo. Mtu alizikata kwa uangalifu, zote kimo kimoja. Edvina alitazama huku na huku. Mbele kidogo, juu ya mawe mapana, aliziona zimetandazwa juani kama watu wanavyoanika kahawa.

Siku ile Madoa alikula majani ya migomba, na hakuyafurahia. Edvina alimsimulia bibi yake alichokiona. Bibi alifikiri kidogo, kisha akasema labda kuna mtu anatarajia mgeni. Zamani, alieleza, sikukuu ikikaribia walitandaza nyasi laini sebuleni, na mgeni akizikanyaga alijua ameheshimiwa. Lakini Krismasi ilikuwa imepita, na Pasaka bado. Isitoshe, bibi alisema, nyasi za kumtandazia mgeni huwa mbichi, maana uzuri wake ni ile harufu. Kwa nini basi mtu azikaushe?

Swali hilo lilimfuata Edvina hadi shuleni. Lilikaa naye katika kipindi cha hisabati, likarudi naye nyumbani. Kesho yake aliamka mapema kuliko kawaida, akapanda rweya mbio.

Alimkuta msichana wa rika lake amechutama kibondeni, mundu mkononi. Edvina alimtambua. Alikuwa Kyaruzi, mwanafunzi mgeni wa darasa la tano, ambaye wakati wa mapumziko alipenda kukaa peke yake karibu na tangi la maji.

"Unamkatia nani?" Edvina aliuliza.

"Mbuzi."

"Wa kwenu?"

"Ndiyo."

"Anaitwaje?"

Kyaruzi alitazama mundu wake kwanza. "Sikukuu."

"Na huyo Sikukuu anakula nyasi kavu?"

"Ndizo anazozipenda."

"Wetu ukimpa kavu anakutazama kama umemtukana," Edvina alisema, na Kyaruzi akacheka huku amejiziba mdomo.

Walipatana kugawana kibonde. Edvina angekata upande wa juu, Kyaruzi upande wa chini. Tangu siku hiyo walikutana pale kila asubuhi, na Edvina, aliyependa kujua kila kitu, hakuacha kuuliza habari za Sikukuu. Ana pembe? Ni mkali? Kyaruzi alijibu kila swali, lakini taratibu, kama mtu anayevuka mto akitafuta jiwe la kukanyaga.

Jumamosi moja walikuwa wawili rweya wakati wingu jeusi lilipotoka upande wa ziwa. Kyaruzi alikimbilia nyasi zake zilizokuwa juu ya mawe, akaanza kuzikusanya kwa mikono miwili. Edvina hakuwahi kumwona mtu akihangaikia chakula cha mbuzi namna ile. Alichukua nusu ya mzigo, wakateremka wote kuelekea barabara ya Rwamishenye. Matone ya kwanza yaliwakuta wanaingia kwenye lango la nyumba ndefu iliyopakwa rangi ya kijani.

Edvina aliifahamu nyumba ile kwa nje. Watu waliiita Makimbilio. Ilipokea wasiokuwa na mahali pa kulala: wazee, vijana waliokuwa wakilala stendi, akina mama na watoto wao. Hakuwa amejua kwamba Kyaruzi anakaa humo.

Waliingia chumba kikubwa. Sakafu ya saruji ilikuwa imepasuka hapa na pale. Kandokando ya ukuta palikuwa na matandiko ya nyasi kavu, kila moja limefunikwa kwa kitenge au shuka kuukuu, na juu yake blanketi lililokunjwa vizuri. Kyaruzi alipiga magoti penye tandiko la kona, akafunua kitenge, akaanza kuchanganya nyasi mpya na zile za zamani. Kisha akakumbuka kwamba hayuko peke yake, mikono yake ikasimama.

Edvina alielewa kila kitu mara moja. Alimwona Kyaruzi akiinamisha kichwa, akatamani kusema jambo ambalo halitamuumiza.

"Sikukuu ana bahati," alisema polepole. "Analala pakavu."

Kyaruzi hakuinua uso. "Ndiyo," alijibu. "Hapendi baridi."

Mvua ilipozidi, walikwenda kukaa barazani. Hapo palikuwa na kijana mmoja mrefu aliyekuwa akikamua maji kwenye suruali yake. Huyo alikuwa Ishengoma, mhudumu aliyezunguka mitaani kuwatafuta wasio na makazi. Kila alfajiri alipita sokoni, stendi na ufukweni akizungumza na waliolala nje. Hakumlazimisha mtu. Alimsalimia, akamwuliza jina, kesho akarudi tena. Ndivyo alivyowapata Kyaruzi na mama yake chini ya kibanda cha mboga, baada ya mvua kubomoa chumba walichopanga mtaa wa Bakoba. Mama yake sasa aliosha vyombo kwa mama ntilie, akiweka akiba ya kupanga tena.

Edvina aliuliza ni nani anayelipia chakula cha watu wote hawa. Ishengoma alieleza kwamba shirika lililokuwa likiisaidia nyumba lilikuwa linamaliza muda wake. Kuanzia mwezi wa saba, manispaa ndiyo ingeamua kama itaihudumia. Ijumaa ijayo kamati ya madiwani ingekuja kuitazama nyumba kabla ya kupanga bajeti. Wasipoiweka kwenye bajeti, lango lingefungwa.

"Manispaa inatoa wapi fedha?" Edvina aliuliza.

"Ushuru wa soko, ushuru wa stendi, leseni za maduka. Bibi yako akiuza ndizi sokoni, naye amechangia."

Jambo hilo lilimshangaza Edvina. Ndizi za bibi yake zinaweza kumnunulia Kyaruzi godoro? Ishengoma alisema zinaweza, ikiwa tu madiwani watauona uhitaji kwa macho yao. Hakuna anayetenga fedha kwa shida asiyoijua.

Edvina alimtazama Kyaruzi. Kyaruzi alikuwa akitazama maji yakitiririka kutoka kwenye bati, na kidole chake kilikuwa kikizungusha kifungo cha blauzi yake mpaka uzi ukakatika.

Mlezi wa nyumba aliitwa Mama Benigna. Alikuwa mwanamke mnene, msafi, mwenye sauti ya chini, aliyelelewa katika nyumba ambamo mgeni hakuoneshwa kilichopungua. Juma zima alifagia na kupiga deki. Ijumaa asubuhi aliazima viti kwa majirani na kuweka akamwani, zile kahawa za kutafuna, kwenye kisahani kizuri. Mablanketi yaliyochakaa aliyafungia stoo, na vitenge vya kulalia pia. Zikabaki nyasi. Hakuwa na pa kuzificha, kwa hiyo alizitandaza chumba kizima, sawasawa, kutoka ukuta hadi ukuta. Zilifunika nyufa zote za sakafu.

Mwenyekiti wa kamati, Mheshimiwa Agnetha, alisimama mlangoni akafurahi kama mtoto. Alisema hajaona sebule ya namna ile tangu bibi yake alipofariki. Aliingia na viatu vyake virefu, na wenzake wakamfuata, wakazunguka juu ya nyasi, wakatafuna kahawa, wakapiga picha. Kyaruzi, aliyerudi mapema kutoka shuleni kusaidia, alisimama kona ileile aliyozoea kulala. Viatu vilipita mbele yake, vikarudi.

Ishengoma alijaribu kueleza idadi ya watu aliowaacha nje kwa kukosa nafasi. Lakini wageni waliona chumba kipana, kisafi, chenye harufu ya nyasi, wakaitikia kwa vichwa, kwa adabu. Walipotoka uani, Mheshimiwa Agnetha alimshika Mama Benigna mkono. Alimwambia nyumba iko vizuri kuliko walivyoelezwa, na kwamba kwa kuwa fedha ni kidogo, mwaka huu pengine zingetangulia mahali penye shida zaidi.

Ishengoma alimtazama Mama Benigna, akimsihi kwa macho. Mama Benigna alitabasamu kama mwenyeji anavyotakiwa kutabasamu.

"Asante, waitu," alisema kwa neno la heshima la Kihaya. "Karibuni tena."

Hapo ndipo Edvina alipoingia langoni. Alikuwa ametoka shule, akapitia rweya kwa sababu Kyaruzi hakuwa na nafasi ya kukata siku hiyo. Kichwani alikuwa na mzigo mkubwa wa nyasi. Alipowaona wageni alipiga goti kidogo, akashikilia mzigo kwa mkono mmoja.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," Mheshimiwa Agnetha alijibu. "Mzigo wote huo? Ni wa mbuzi?"

Edvina alifungua mdomo. Jibu lilikuwa jepesi. Angesema "ndiyo," na kila mtu angetabasamu, na wageni wangeondoka. Alimwona Kyaruzi mlangoni, mikono nyuma, akimwangalia bila kupepesa. Akisema ukweli, angemvua Kyaruzi nguo mbele ya watu. Akisema uongo, madiwani wangeondoka bila kuuona uhitaji, lango lile lingefungwa, na Kyaruzi angerudi chini ya kibanda cha mboga. Alimgeukia Mama Benigna, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wa nyumba ile.

Mama Benigna aliuona uso wa mtoto. Aliona jinsi midomo yake ilivyokuwa ikijiandaa kusema uongo ambao si wake. Tabasamu likatoweka usoni mwake.

"Mheshimiwa, usimwulize mtoto," alisema. "Niulize mimi. Hapa hatuna mbuzi. Zile nyasi mlizozikanyaga ndani ni vitanda vya watu."

Mheshimiwa Agnetha alitazama viatu vyake, ambavyo bado vilikuwa na vipande vya majani makavu. Alirudi hadi mlangoni, akainama, akavivua, akaingia peku. Wenzake nao wakavua vyao.

Safari hii Mama Benigna alifungua stoo. Alitoa mablanketi yaliyotoboka, akaonesha nyufa za sakafu, akaonesha sufuria moja iliyopikiwa ebitoke, zile ndizi za kupika, na maharage ya nyumba nzima. Ishengoma alipata nafasi ya kueleza kazi ya mitaani. Alisimulia habari za mzee Yoeli, aliyekuwa akilala penye ghala la kahawa, na jinsi yeye Ishengoma alivyokwenda Muleba mara kwa mara kuzungumza na ndugu za mzee huyo mpaka wakakubali kumpokea. Nauli aliitoa mfukoni. Madiwani waliuliza maswali mengi, na safari hii walisubiri majibu.

Bajeti ilipopitishwa, Makimbilio ilikuwamo. Hawakupewa yote, sakafu ilibidi isubiri mwaka mwingine. Lakini vilipatikana chakula, magodoro, na mhudumu wa pili wa kuzunguka pamoja na Ishengoma.

Magodoro yalipofika, Edvina na Kyaruzi walisaidia kuzitoa nyasi za zamani na kuzipeleka kibanjani kwa bibi, zikatandazwe chini ya migomba. Walipomaliza, Mama Benigna aliwaketisha barazani akawapa maji ya kunywa.

"Niliona kuficha shida ni kumheshimu mgeni," aliwaambia. "Lakini wale walikuja kutuuliza tunakosa nini, nami kwa adabu yangu nikawajibu kwamba hatukosi kitu. Huo ulikuwa uongo, hata kama sikuutamka. Na ulikaribia kukuangukia wewe, Edvina. Kukosa godoro si aibu, wanangu. Anayetaka kuwasaidia, mwambieni ukweli, ajue pa kuanzia."

Asubuhi iliyofuata Edvina alipanda rweya kama kawaida. Hakutarajia kumkuta mtu. Lakini Kyaruzi alikuwa kibondeni, na mbele yake palikuwa na mzigo uliokwisha kufungwa, wa nyasi laini, mbichi.

"Sikukuu ameamkaje?" Edvina aliuliza kwa mazoea, kisha akajuta.

Kyaruzi aliweka mundu chini.

"Sina mbuzi, Edvina. Sijawahi kuwa naye. Nyasi zilikuwa zetu, mimi na mama, na niliona aibu kukwambia. Hizi nimemkatia Madoa." Alimtazama Edvina usoni, akaendelea kwa sauti iliyo wazi. "Na kila uliponiuliza hali ya Sikukuu, nilijua unaniulizia mimi."