Kiu ya Mahameni

Mtungi ule mpya ulikuwa unakunywa maji. Mtungi mpya lazima utoe jasho, mfinyanzi alilijua hilo kuliko alivyojua kupika: siku za mwanzo unalowa kwa nje, na pale ulipokaa panakuwa na unyevu. Lakini huu aliujaza asubuhi mpaka shingoni, na jua lilipofika utosini ulikuwa mkavu nje, mkavu ndani, na chini yake vumbi tupu.

"Kasuku! Maji umeyamwaga wapi?"

Kasuku ni bintiye, na jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Siku hiyo alikaa kimya kando ya mtungi, kata mkononi.

"Nimeyanywa, mama."

"Mtungi mzima? Kwani wewe ng'ombe?"

Mfinyanzi akacheka. Mtoto hakucheka. Midomo ilikuwa imempasuka, akauliza kwa sauti ya chini kama yapo mengine.

Tangu hapo, jamani, kicheko kikahama nyumba ile. Mtoto anakunywa na huku anakauka. Ngozi ya mikono ikamkunjamana, macho yakazama, akilia hakuna chozi linalotoka. Zahanati walimtundikia dripu, dripu zikaingia zikaisha, na yeye akazidi kukauka, mpaka mganga wa zahanati akamwambia mama amrudishe tu nyumbani. Mfinyanzi alimbeba mgongoni akaona mzigo umekuwa mwepesi mno. Hakuwa na mtoto mwingine. Baba yake Kasuku alikwisha kufa, na kilichobaki cha yule bwana duniani ni binti huyu na mama yake mzazi, bibi yake Kasuku, aliyekuwa akishinda mkekani pembeni na siku hizi hasemi neno.

Kisha zikaja sauti. Mchana kweupe, majirani wamejilaza kukimbia joto, ndani ya mtungi mtupu kukasikika mtu anameza, gubu, gubu, gubu, polepole, kama anayeogopa kuyamaliza, na ikapanda harufu ya vumbi lililodondokewa na matone ya kwanza ya mvua, harufu nzuri kabisa, ila chini yake kulikuwa na nyingine, ya kidonda kilichofungwa kitambaa kikasahauliwa, na kila ule mtungi ulipomeza, koo la Kasuku pale kitandani nalo lilipanda likashuka, bila kitu mdomoni.

Mfinyanzi akatoka mbio, bila hata viatu, kumfuata mganga wa majini na mashetani.

Mganga aliugusa mtungi, akauondoa mkono upesi. "Udongo umechimba wapi?"

"Bondeni, kama siku zote."

"Na vigae?"

Maana kila mfinyanzi husaga vigae vya vyungu vya zamani akavichanganya na udongo, la sivyo chungu kinapasuka motoni. Vya kwake vilikuwa vimekwisha.

"Nyuma ya kilima," akasema. "Kwenye mahame. Nilikuta mtungi umevunjikia mahali pamoja, nikauzoa wote. Nimekosa nini? Nani katika kijiji hiki amewahi kunikataza kwenda huko?"

Mkekani, bibi akajifunika uso kwa ncha ya nguo. "Mungu wangu," akanong'ona. "Tulidhani tukinyamaza yataisha yenyewe."

"Yepi, mama? Sema! Mtoto anakufa!"

"Kijiji kilikuwa kule. Nilikuwa kama Kasuku hivi. Ukame ukaja, na ndui juu yake, watu wakaamua kuhama. Shangazi yangu alikuwa na mtoto mgonjwa, habebeki, na yeye hataki kumwacha. Tukamwachia mtungi wa maji. Niliupeleka mimi. Nikamwambia, shangazi, tutarudi. Wakubwa ndio walionituma niseme. Walijua mtoto ataaminiwa."

"Mkarudi?"

"Mvua zilinyesha, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuliza. Baadaye tukazoea."

Mganga akatikisa kichwa. "Shangazi yako amepumzika zamani. Humu mna jini. Liliikuta ile kiu pale, likaipenda, likaifanya nyumba. Mimi siliwezi. Linamngoja aliyesema atarudi."

Hawakungoja jua lipoe. Bibi alijitwika mtungi uleule, umejazwa maji upya, mfinyanzi akambeba Kasuku, wakapita nyuma ya kilima mpaka kwenye mawe ya majiko yaliyozama nyasini. Pale hapakulia hata mdudu. Bibi akautua mtungi chini, akajikalisha kando yake kwa taabu.

"Nimerudi," akasema.

Na mgongoni mwa mfinyanzi, sikioni kabisa, kinywa cha mwanawe kikafunguka na sauti ya mwanamke mtu mzima, kavu, iliyokwaruza kila neno, ikajibu, "Umechelewa," na ile harufu ikawafunika, na mfinyanzi akataka kupiga kelele akakosa pumzi, akataka kukimbia na miguu ikamgomea, akabaki anawaza mwanangu, mwanangu, mwanangu, mpaka akahisi kitu cha moto kinamtiririka shingoni.

Machozi. Kasuku alikuwa analia machozi.

"Mama, naogopa," akasema mtoto, kwa sauti yake mwenyewe.

Bibi alikuwa ameshika kata. Alikunywa, akachota, akanywa tena, na midomo yake ikaanza kupasuka.

"Mama, inuka twende!" mfinyanzi akamwambia bibi.

"Niende na jini hili wapi? Nikamrudishie mtoto?" Maji mtungini yalikuwa yanashuka upesi. Bibi akamtazama mkwewe kwa macho makubwa yenye hofu. "Mtaniletea maji, mwanangu?"

"Tutarudi, mama," mfinyanzi akasema. Aliisema kwa upole, na palepale akajua kwamba hatamleta tena Kasuku hapa, wala yeye mwenyewe hatakanyaga. Akageuka akaondoka, analia kwa sauti.

Njiani Kasuku akaanza kuongea. Tutakuja na ndoo ngapi kesho? Bibi haogopi peke yake? Mfinyanzi akazidi kukaza mwendo mpaka walipoziona nyumba za kwanza. Hapo akamtua mtoto, akapiga magoti, akamfuta uso.

"Watauliza bibi yuko wapi. Utawaambia amekwenda kusalimia ndugu zake."

"Mimi?"

"Wewe," akasema mama. "Wewe watakuamini."