Rolling Stones Wana Sifa za Bure

"Rolling Stones wana sifa za bure," alisema Truphosa huku akimpakulia Menza wali wa nazi. "Bendi hiyo imepata jina kwa kuiga muziki wa watu weusi wa Marekani. Walioleta jambo jipya ni Beatles."

"Jambo gani jipya?" Menza akaruka. "Hao Beatles wenyewe si walianza kwa kuimba nyimbo za weusi hao hao? Stones ndio waliowafunza vijana kupiga gitaa kama mtu mwenye hasira!"

Ilikuwa Jumamosi mchana, mwaka 1996, nyumbani kwa Truphosa, mtaa wa Ganjoni. Truphosa alikuwa mwalimu wa muziki. Menza alipiga gitaa katika bendi ya hoteli moja ya watalii, na huu ulikuwa mwaka wake wa tisa. Siku hiyo alikuja kujulishwa kwa Crispus, kaka mkubwa wa Truphosa, karani wa reli.

Mabishano ya bendi ndiyo yaliyowakutanisha wapenzi hawa wawili, na kwa kawaida yaliishia kwa kicheko. Siku hiyo Truphosa alipitiliza.

"Unawatetea kwa sababu ndio unaowaiga. Miaka tisa unawaimbia wazungu nyimbo za wazungu! Basi hata kasuku ni mwanamuziki."

Menza aliweka kijiko chini taratibu.

"Ahsante kwa chakula, mwalimu."

Akampa Crispus mkono wa kwaheri, akatoka.

"Umemvunjia mwenzio heshima," alisema Crispus.

"Tulikuwa twabishana tu, kaka."

"Stones umewabishia. Yeye umemtukana. Tena mbele yangu."

Jumatatu Truphosa alipiga simu hotelini. Aliyepokea ni Nicanor, mwimbaji wa bendi.

"Menza yupo?"

"Yupo. Ameniambia niseme hayupo."

Jumanne jibu likawa lile lile. Jumatano Nicanor alishusha sauti.

"Dada, tuna mazoezi Ijumaa saa tisa. Lakini mimi sijakwambia kitu."

Ijumaa Menza alikuwa akikaza nyuzi za gitaa jukwaani alipomwona Truphosa akija, na nyuma yake Crispus, shati limemlowa jasho.

"Kaka yako wamleta wa nini? Amwone kasuku akiwa kazini?"

"Nilikutukana mbele yake. Nimekuja kukuomba radhi mbele yake. Nisamehe, Menza. Nilitaka kushinda, nikasema neno ambalo hata mimi siliamini."

Menza aliliweka gitaa chini.

"Unajua nilianzia wapi? Vipingo, kwenye mashamba ya mkonge. Karani mmoja alikuwa na redio. Nikawasikia hao Stones wako wa sifa za bure, na wiki ile ile nikatengeneza gitaa kwa debe la mafuta na mshipi wa kuvulia samaki. Sikujua Kiingereza hata neno moja."

"Hukuniambia."

"Niliona aibu. Wewe una cheti cha muziki."

Truphosa alipanda jukwaani, akakaa juu ya spika karibu naye.

"Basi bendi iliyofika mpaka kwenye mkonge wa Vipingo ikamfanya mtu akate debe, siwezi tena kusema sifa zake ni za bure."

"Usinihurumie, Truphosa. Leta hoja."

"Hiyo ndiyo hoja! Kuna bendi za kusifiwa, na kuna bendi za kumfanya mtu ashike ala. Ila waliwaiga wale weusi, hapo sirudi nyuma."

"Waliiga. Hata mimi naiga, na sifichi." Menza akacheka, mara ya kwanza wiki nzima. "Nimekusamehe, mama."

Crispus akakohoa.

"Mkiniuliza mimi, hao wote ni makelele. Ninachotaka kujua, shemeji, ni lini unakwenda Kakamega kuwaona wazee wetu?"

Truphosa aliinamisha uso. Menza alimtazama, kisha akamgeukia Crispus.

"Shule zikifungwa tu, shemeji. Ukinikatia tikiti ya treni, nitakwenda na wajomba zangu."

Desemba walifunga ndoa kanisani Makupa. Bendi ya hotelini ilipiga mpaka magharibi, lakini kwa upungufu wa mtu mmoja. Mpiga gitaa wake alikuwa katikati ya wageni, akicheza na mkewe.